Taa ya Cherehani

Ukitaka kujua uzito wako mbele za watu, subiri uharibikiwe ukiwa umepakia abiria. Asubuhi ile Nahodha aligeuza ufunguo wa boti, injini ikasema tak. Akageuza tena. Tak. Abiria walikuwa wamekwisha kaa, magoti yanagusana, mizigo mapajani, na ng'ambo geti la kiwanda lilikuwa karibu kufungwa. Akaangalia gia: iko katikati. Akaishika ile kamba nyekundu ya usalama, ambayo ikichomoka injini haiwaki ng'o: imekaa mahali pake. Fyuzi nzima. Akageuza mara nyingine, taratibu safari hii, kama anayembembeleza mtu. Tak.

"Nahodha, hiyo ni injini au saa ya ukutani?" aliuliza muuza mayai. Huyu mama alikaa siku zote benchi la mbele na trei zake, na ulimi wake haukuwa na siku ya mapumziko.

Watu wakacheka. Jina lenyewe la Nahodha lilikuwa la utani, maana alikuwa mvushaji tu, dereva wa boti ya mtu mwingine, anapeleka watu ng'ambo na kuwarudisha kutwa nzima. Akafungua kifuniko cha injini, akazungusha kamba kwenye gurudumu, akavuta. Bega lake la kulia lilikuwa bovu tangu mwaka juzi. Akavuta, akapumzika, akavuta, mpaka shati likamganda mgongoni. Ilipowaka hatimaye hakuna aliyemwambia hata pole.

"Leo tena tutakatwa mshahara," alisema mfanyakazi mmoja wa kiwandani, akafyonza. "Wiki nzima ni haya haya. Kama umeshindwa kazi si useme?"

Mtu aliyechoka akiaibishwa hutafuta wa kumtwika mzigo, na wa kwanza kuonekana ni yule ambaye hayupo. Nahodha alifuta jasho, akasema kwa sauti ya kushindana na injini, kila mtu asikie.

"Si mimi, jamani. Ni mke wangu. Betri nairudisha nyumbani jioni, yeye anaichomekea taa ya cherehani, anashona mpaka anaimaliza. Asubuhi mimi naletewa maiti."

Boti nzima ikaangua kicheko. Mmoja akasema mke mwenyewe aje avute kamba. Mwingine akasema kumbe siku zote tunavushwa na sindano na uzi. Nahodha naye akacheka, kwa sababu kicheko kilikuwa kimehama kutoka kwake. Kufika adhuhuri habari ile ilikuwa imekwisha vuka maji mara kadhaa, bila nauli.

Sasa, habari ya betri ilikuwa hivi. Pale gatini hakuna mvushaji aliyeacha betri ndani ya boti. Betri iliyolala gatini huamkia kwa watu. Kwa hiyo kila jioni wanaume wale walifungua nati, wakachomoa waya, wakapanda nazo majumbani, bega moja limeinama. Na kila asubuhi walishuka nazo, wakafunga tena. Na kwa kuwa majumbani kwao umeme ulikuwa wa kusikia tu, betri ilipofika nyumbani haikukaa bure.

Nyumbani kwa Nahodha kulikuwa na vyumba viwili. Katika cha mbele, karibu na dirisha, palikuwa na cherehani ya kukanyaga, na juu yake mkewe alikuwa amefunga balbu ndogo ya pikipiki yenye waya mbili na vibanio viwili, kimoja chekundu na kimoja cheusi. Alishona sare za shule. Kazi ilikuwa nyingi kuliko mchana, ndiyo maana akahitaji taa, kwa muda wa saa moja hivi baada ya chakula, basi. Balbu yenyewe ilikuwa ndogo kama punje ya zabibu.

Jioni ile alikuwa hajaiwasha. Alimkuta mumewe akiitua betri mlangoni, akamwuliza kabla hajanyoosha mgongo.

"Umesema nini gatini?"

"Nimesema nini?"

"Mteja wangu amekuja kuchukua sare ya mwanawe. Ananiambia, 'Shoga, shona mchana, usije ukatuzamisha.' Na wenzake nje wanacheka. Nimesimama na sare mkononi kama mwizi."

"Aah, ule ulikuwa utani, mama watoto."

"Utani ni wa watu wawili. Mimi sikuwapo."

Mama yake Nahodha alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kamba akisubiri. Mwanawe alipoisukuma betri ukutani, mama akainama, akachomeka redio yake, akatafuta stesheni. "Gombaneni taratibu," alisema. "Nasikiliza taarifa." Redio ile ilikuwa inaimba tangu magharibi hadi mwenyewe alale, siku zote, kwa betri ile ile. Lakini nani atamtaja mama?

*

Mwenye boti alikuja siku ya pili yake, shati limepigwa pasi mpaka mikono inakata. Alisimama gatini akamtazama Nahodha akivuta kamba mpaka injini ilipowaka. Halafu akamwita pembeni, lakini si pembeni ya kutosha.

"Boti yangu haikununuliwa kwa ajili ya mazoezi ya viungo," alisema. "Abiria wananipigia simu mimi. Nakupa mpaka Jumatatu. Jumatatu isipowaka kwa ufunguo, kuna vijana wanaiulizia kila siku."

"Bosi, miaka yote hii..."

"Miaka sijaikataa. Injini ni yangu, betri ni yako, ndivyo tulivyokubaliana. Na nasikia betri inaliwa nyumbani kwako."

Basi akaitwa Fundi Bisibisi. Kwa haki, alikuwa fundi mzuri. Nusu ya injini za gati ile zilikuwa zimepita mikononi mwake. Alikuja na mkoba wake, akauliza, "Tatizo nini?"

"Betri," alisema Nahodha. "Mke wangu kaimaliza na taa."

Mgonjwa akishataja ugonjwa wake mwenyewe, daktari mvivu hubaki na kazi ya kuandika dawa. Fundi aligeuza ufunguo, akasikia tak, akatikisa kichwa. Alikuwa na injini nyingine mbili zinamsubiri na jua lilikuwa kali. Hakufungua kitu.

"Basi imekufa," alisema. "Betri ikishamalizwa mara nyingi hairudi. Nunua mpya. Na shemeji mwambie apumzike na taa."

Jioni, walipokaa watatu na sahani zimeondolewa, hakuna aliyetaka kuanza. Betri mpya si kitu cha kukopa dukani kama sabuni. Nahodha aliitazama cherehani, akaona mkewe amemwona, akatazama chini. Ni mama yake aliyelisema.

"Kilicholeta hasara ndicho kiilipe," alisema bibi yule, na redio yake akaipunguza kidogo kwa heshima ya jambo lenyewe. "Sisemi kwa ubaya, mkwe wangu. Boti ikienda, tunakula nini? Cherehani utapata nyingine."

"Nitapata wapi, mama?"

"Mungu hamtupi mja wake."

Mkewe akamgeukia mumewe. Alimsubiri. Kama angesema neno moja tu, hata la uongo, hata 'tuangalie kwanza', labda angemsamehe palepale. Nahodha alikuwa anajikuna bega.

"Siku moja nitakununulia nyingine," alisema. "Wallahi."

Mnunuzi alitoka ng'ambo, mwenye duka la kushona. Aliikagua cherehani ile kama mtu anayekagua mbuzi: akainama chini, akapiga kanyagio, akalalamika kwamba mkanda umelegea. Akaomba kitambaa cha kujaribia. Uzi ukamkatikia. Akajaribu tena, ukakatika tena, akaanza kuvuta bei chini kwa sababu ya uzi. Ilibidi mwenye cherehani mwenyewe apige magoti na kumwonyesha: hii kwanza unaipitisha huku, nyuma ya kichuma hiki, yeye anapenda hivyo. Alisema 'yeye', kama anamzungumzia mtoto anayepelekwa kwa ndugu. Ikashona mstari ulionyooka. Mnunuzi akaridhika, bei haikupanda.

Sare zilizokuwa zimekatwa hazijashonwa alizirudisha nyumba kwa nyumba, kila moja na kola zake na mifuko yake ndani ya mfuko wa plastiki. Watu walizipokea kwa midomo mirefu. Nyingine mbili tatu alibaki nazo, akazishona kwa mkono, kwa sababu wenyewe walikuwa hawana pa kuzipeleka. Ile taa aliizungushia waya zake, akaitundika msumarini.

*

Jumatatu boti ikawaka kwa ufunguo. Mwenye boti alikuwepo, akainua kidole gumba, akaondoka. Jumanne ikawaka. Nahodha alianza kupiga mluzi. Alileta nyumbani mfuko wa matunda, mkewe akamwambia asante, akaendelea na sindano yake.

Wiki haikuisha. Ijumaa asubuhi, boti imejaa, akageuza ufunguo. Tak.

Hakuna aliyecheka mara moja. Aligeuza tena, tak, na mkono wake ukabaki pale pale kwenye ufunguo. Muuza mayai aliweka trei zake sawa, akamtazama.

"Nahodha," alisema, na safari hii hakuwa na mzaha mwingi. "Mkeo si hana cherehani tena? Sasa hii betri mpya anaimaliza na nini? Anaikodolea macho?"

Wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kimebadilika njia, na Nahodha alikijua kinakokwenda. Akafungua kifuniko. Akavuta kamba. Bega lilimuuma mpaka machozi yakamlenga, na kilichomuuma zaidi ni kwamba tangu swali lile alikuwa anajua kwamba si mkewe, hata kabla ya fundi, hata kabla ya kitu chochote kupimwa.

Fundi Bisibisi alikuja mchana, boti ikiwa tupu. Akaitikisa betri mpya, akaitazama tarehe yake.

"Hii si betri," alisema.

"Ulisema ni betri."

"Wewe ndiye uliyesema. Mimi niliitikia." Akakuna kidevu. "Kosa langu lipo, silikatai. Sasa tupime kama watu. Mita yangu imeingia maji. Nitafutie taa ndogo ya betri, yenye waya mbili na vibanio."

Nahodha alimtazama kuona kama anamtania. Hakuwa anamtania. Pale mtaani aliijua taa moja tu ya namna hiyo.

Alipanda nyumbani polepole kuliko siku zote. Mkewe alikuwa kizingitini anashona kola kwa mkono, kidole kimefungwa kitambaa.

"Fundi anaomba taa," alisema Nahodha.

"Taa gani?"

"Si ile yako."

Mkewe hakuinua macho. "Ile iliyoua betri?"

Mkewe akakata uzi kwa meno, akaikunja kazi yake, akaingia ndani na kutoka na taa mkononi. Mumewe aliponyoosha mkono kuipokea, yeye akajifunga kanga vizuri na kuanza kushuka.

"Haitoki bila mimi," alisema. "Safari hii ikisemwa, nitakuwepo."

Fundi alimpisha ndani ya boti, akamwamkia kwa aibu, "Shikamoo shemeji," ingawa alimpita umri. Akabana kibanio chekundu kwenye chanya ya betri na cheusi kwenye hasi. Taa ikawaka, nyeupe, mchana kweupe. Akamwambia Nahodha ageuze ufunguo. Tak. Taa haikutikisika.

"Betri nzima," alisema fundi. "Ingekuwa imechoka, taa ingefifia."

"Na ile ya kwanza?" aliuliza mke wa Nahodha.

Fundi akajifanya anasafisha kibanio.

"Sasa shemeji, kile cheusi kitoe kwenye betri, kibane hapa, kwenye mwili wa injini. Moto unaondoka kwa waya huu mnene na unarudi kwa huu mwingine. Tunataka kujua kama unarudi."

Mkewe alikibana kwa mkono wake. Taa ikawaka vilevile. "Geuza," alisema, na ni yeye aliyesema, si fundi. Nahodha akageuza. Tak, na taa ikazimika kabisa. Akaachia ufunguo, ikawaka. Akageuza, ikazimika.

Wote watatu wakautazama ule waya wa hasi, unaotoka kwenye betri hadi kwenye injini. Kwa nje ulikuwa mweusi, mnene, mzima. Karibu na kichwa chake, pale unapofungwa nati, ulikuwa umezungushwa utepe mweusi kwa ufundi mkubwa, ncha imekunjwa ndani isifumuke. Fundi akauliza nani kaufunga utepe ule. Akauchana kwa kisu. Ndani hapakuwa na shaba tena ila unga wa kijani, na nyuzi tatu nne zilizokuwa zinashikana kwa mazoea tu.

"Hii ni kazi ya kufungwa na kufunguliwa kila siku," alisema fundi. "Waya unasokotwa, unavunjika ndani kwa ndani, chumvi inaingia. Nilipoweka betri mpya niliupinda kidogo, ukagusana, ukafanya kazi siku tatu nne. Mtu aliufunga utepe ili usionekane."

"Haukufungwa ili usionekane," alisema Nahodha, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulikuwa umechanika nikauziba. Msimu wa mvua uliopita. Nilisahau."

Fundi akatoa waya mwingine kwenye mkoba wake, akaubana toka betri hadi injini, akatoa ishara. Injini ikawaka kwa mguso mmoja. Ikanguruma pale gatini, boti tupu, na hakuna aliyefurahi. Mkewe alichomoa vibanio vyake, akaizungusha taa yake waya kwa waya, akapanda nyumbani.

*

Jioni Nahodha alimkuta mkewe jikoni anaosha vyungu. Mama yake alikuwa chumbani na redio, alikuwa amekwisha sikia, kwa maana alipomwona mwanawe alisema tu, "Mimi nilisema kilicholeta hasara kilipe. Sikusema ni nani," akaongeza sauti ya redio.

Nahodha alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo. Alikuwa amechoka uchovu wa mwaka mzima.

"Ni waya," alisema.

"Nimeuona."

"Nisamehe, mama watoto. Nilikosa."

Mkewe aliendelea kusugua. Masizi yalikuwa yamemfika kwenye kiwiko.

"Aibu ulinipa gatini," alisema. "Msamaha unaniletea jikoni?"

Hakusema kwa hasira. Nahodha angependa aseme kwa hasira. Alisimama pale mpaka chungu cha mwisho kikafunikwa, halafu akaichukua kuni iliyokuwa imechomoza njiani, akairudisha mahali pake.

"Kesho navuka na wewe safari ya kwanza," alisema mkewe akipita.

"Unakwenda wapi?"

"Kazini."

Hakuuliza kazi gani. Alikuwa amepoteza haki ya kuuliza, au ndivyo alivyojihisi.

*

Asubuhi boti ilijaa mapema. Mkewe aliketi benchi la pili katikati ya watu wa kiwandani, sindano na kola ya mtu mkononi, akimalizia mshono. Waliomjua waligusana viwiko. Nahodha alifunga waya mpya, akaikaza nati, akaujaribu kwa mkono. Halafu, badala ya kuketi kwenye usukani, akasimama.

"Jamani, nina neno."

"Lisemee njiani!" alipiga kelele yule mfanyakazi.

"Injini ikiwaka hamtasikia." Alikuwa ameyapanga maneno mengi tangu alfajiri na sasa hayakuonekana hata moja. "Mke wangu hakumaliza betri. Hajawahi. Ulikuwa waya umeoza, na aliyeuziba kwa utepe akausahau ni mimi. Niliyoyasema hapa nilimsingizia. Nimemaliza."

Watu walitazama maji, walitazama viatu vyao. Si jambo la kawaida mtu mzima kujivua nguo hadharani, na hakuna anayejua pa kuweka macho. Mfanyakazi wa kiwandani akasema, taratibu, "Sawa, Nahodha. Tumekusikia. Twende basi."

Lakini muuza mayai alikuwa anamtazama mke, si mume. Aliutazama mshono ule wa mkono na kidole kilichofungwa kitambaa.

"Na cherehani je?" aliuliza.

Nahodha akafungua mdomo. Mkewe ndiye aliyejibu, bila kuinua macho, kama anayejibu bei ya nyanya.

"Ipo ng'ambo, kwa aliyeinunua. Inawakatia uzi pale dukani, hawaiwezi. Ndio wameniita niwashonee kwa hiyo hiyo, kibarua." Akaichomeka sindano kwenye ukosi wa gauni lake, kwa sababu boti ikianza kutetemeka mtu hashoni. "Washa, baba watoto. Siku ya kwanza sitaki kuchelewa."

Nahodha akageuza ufunguo, na injini ikawaka hapo hapo.